Kidonge cha Baba Mkubwa Siku ya Posa

Nasomea uuguzi hapa Bujumbura. Wiki ile tulifundishwa kwamba kila dawa ina kazi yake na saa yake. Mimi nilishika kazi tu, saa nikaiacha darasani.

Jumamosi tulikwenda Musaga kumposea kaka yangu. Baba mkubwa, msemaji wetu, alikuwa amesahau kidonge chake cha presha, kile cha kutoa maji mwilini. Kwa sauti ya daktari nikamwamuru akimeze palepale mlangoni kwa wakwe.

Hotuba ikaanza. Akatoka. Akarudi, akatoka tena. Mara ya tatu baba wa binti akafura: “Munatuzarau?”

“Apana, muzee,” baba mkubwa akajibu, mapaja ameyabana, kidole kikinielekea mimi. “Ule dokta wetu pale ndiye ananituma inje.”