Mafuta ya Chupa na Magimbi ya Jajja Nalongo

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kikapu cha magimbi kilipotaka kufunga kazi ya helikopta. Usicheke. Kaa vizuri usikilize, maana mimi shule sikukaa sana na sipendi kurudia maneno.

Wakati huo nilikuwa kijana, mguu mmoja mzima na mwingine wa kuburuta. Aliyenivunja namtaja: dereva Sembatya, aliyejaza lori ndizi na tumbo lake pombe ya waragi, akatuangusha mtaroni huko njia ya Masaka. Hata hospitali hakuja kuniuliza hali. Walioniokota ni watu wa helikopta ya uokoaji. Nilipopona wakanipa kazi ya kulinda lango la kituo chao, chini ya mtaa wa Kansanga huko Kampala, pale ardhi inapoteremka kwenda kinamasini. Baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, nimelelewa kambini, kwa hiyo lango nalijua. Na ile ndege niliipenda kama mtu anavyompenda aliyemzaa.

Sasa, helikopta ina desturi yake. Kila asubuhi kabla ya kuruka, fundi anafungua kikoki chini ya tangi na kukinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo. Anayainua juani atazame kama yameingia maji, maana maji kwenye mafuta huzima injini angani. Ni kazi nzuri, inalinda roho za watu. Ubaya ulikuja baada ya kutazama. Fundi mkuu Mukasa, namtaja na yeye, alikuwa anayarusha majanini kando ya ukuta kama mtu anayemwaga masalio ya chai. Meneja Bosco alimwona kila siku. Hata majirani walipomuuliza Bosco, jibu lake lilikuwa lilelile: “Ni kidogo tu, jua litakausha.”

Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu, na wahenga hawakusema kibaba cha nini. Mvua ya Kampala unaijua, ikianza inafagia kilima kizima. Kando ya ule ukuta palikuwa na mtaro, mtaro ukashuka hadi kinamasini, na kinamasini ndipo majirani walipolima magimbi na kuchota maji.

Mmoja wao alikuwa bibi tuliyemwita Jajja Nalongo, yaani mama wa mapacha, mzee wa maneno mafupi. Pacha mmoja aliumwa na nyoka kwenye visiwa vya ziwa, na helikopta yetu ndiyo iliyomfikisha hospitali akiwa hai. Siku moja Jajja akaja langoni, akanishika mkono, akaniambia magimbi yananuka na watoto wanaumwa tumbo.

Nikamwambia, “Jajja, hawa ndio waliomwokoa mwanao, na mimi pia. Tutawaaibishaje?”

“Mutu alikutoa kwa mto,” akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Leo anakojoa kwa kisima yako. Utanyamaza sababu alikutoa?”

Akageuka, akashuka bondeni.

Kesho yake akarudi na kikapu kichwani, na nyuma yake wanawake wa bondeni, kila mmoja na mkeka kwapani. Mikeka ile ndiyo iliyonitisha. Walikuwa wamekubaliana kwamba wasiposikilizwa wataitandika juu ya duara ambapo helikopta hutua na kukaa hapo, ndege isiruke wala isitue. Nikawaza yule aliyelala barabarani kama nilivyolala mimi, anasubiri mngurumo ambao hautakuja. Lakini lango nikalifungua, maana kuwazuia kungekuwa kumwagia moto mafuta.

Kwa Baganda, mzee akikuletea chakula alichopika mwenyewe, kukikataa ni kumtukana. Jajja alilijua hilo, na Bosco, Mganda mzaliwa wa Lubaga, alilijua zaidi. Jajja akapiga magoti mbele yake, akafunua majani ya ndizi juu ya magimbi ya kinamasini, mvuke ukapanda.

“Ssebo, bwana, asante kwa kazi. Kula.”

Bosco akamega, akatia mdomoni. Akatafuna mara moja, taya likagoma. Macho yakamtoka.

“Meza, ssebo,” Jajja akambembeleza. “Ni kidogo tu. Jua itakausha.”

Wanawake wakaangua kicheko. Mukasa naye akacheka, mpaka mmoja akamwita: “Wewe fundi, njoo! Yako tulikuwekea kubwa.” Kicheko kikamkauka.

Bosco akatema kwenye kitambaa. “Nnyabo, mama, sisi hapa tunaokoa watu...”

“Tunajua. Juu munaokoa, chini munaua. Sisi tunataka juu na chini.”

Hapo rubani wetu akatoka bandani, Achieng, Mkenya wa Kisumu, mwanamke asiye na mzaha na injini. Akachukua gimbi, akalinusa. “Bosco, harufu hii naijua kuliko marashi yangu. Leta pipa lenye kifuniko, ama leo siwashi.”

“Na simu ya mgonjwa ikiingia?” Bosco akauliza.

“Basi kimbia, bwana!”

Bosco alikimbia na tai yake shingoni. Pipa likafika kabla simu haijalia, na Mukasa akamimina chupa yake ya kwanza ndani huku Jajja amemsimamia kama mwalimu wa zamu. Mikeka ikarudi nyumbani imekunjwa. Simu ilipoingia mchana, helikopta iliruka.

Tangu hapo mafuta ya pipa huchukuliwa na wenye kibali cha kuondoa taka za mafuta. Maji ya kuoshea ndege yakajengewa shimo la saruji linalotenga mafuta. Paa la banda likavaa sola, jenereta likapumzika. Ndege ikifika mahali na mgonjwa hajatayarishwa, injini inazimwa, haingurumi bure. Kinamasi hakikupona haraka, ilipita misimu ya mvua, lakini kilipona, na vyura wamerudi kutupigia kelele. Mukasa siku hizi anafundisha mafundi wapya, na ole wake atakayerusha tone majanini. Yeye nimemsamehe. Sembatya bado.

Mwanangu, ninachokuachia ni hiki. Kazi njema haimpi mtu ruhusa ya kuchafua. Ukifanya wema, tazama pia unamwaga nini nyuma yako na kinateremkia kwa nani. Na ukitendewa wema, shukuru, lakini shukrani isikufunge mdomo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayekupenda mwambie ukweli mapema, mwambie kwa heshima, na usiondoke mpaka amekusikia.

Mungu akupe mikono inayookoa bila kuumiza, akupe jirani jasiri wa kukukemea, na sikio la kumsikia. Uishi, uzeeke, na popote utakapopita maji yabaki ya kunywa.