Ile "Ka" ya Magloire

Magloire hajui kupiga picha mbaya. Nalisema hili kwanza ili mtu asidhani nina chuki naye. Kwa miaka sita tumekuwa majirani wa kazi hapa Kikula: chumba changu cha kuwapamba maharusi kiko kushoto, studio yake kulia, na ukuta kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namtakia afya njema. Kazi anaijua. Akili ndiyo iliyomtoka, na aliitoa mwenyewe, mchana kweupe, akaifunga chini ya kamera kwa skrubu.

Kamera yake ni ya aina hizi mpya zisizo na kioo ndani. Ni ndogo, nyepesi, inaingia katika mkoba wangu wa poda, na picha zake ni safi hadi unahesabu kope. Lakini mjini kwetu mpiga picha, photographe tunavyomwita, hapimwi kwa picha. Anapimwa kwa kile alichojitundika shingoni. Sharti aonekane toka mlango wa kanisa, atoe jasho, asukume watu. Magloire alikuja na kitu cha kutosha kiganjani, na watu wakaona wanaibiwa.

Neno lenyewe nililianzisha mimi, sikatai. Mteja mmoja aliniuliza ni nani atakayempiga picha, nikamjibu, "Haiko huyu wa kakamera?" Nilikuwa natania tu. Huku kwetu ukitia ka mbele ya kitu umekipunguza: kamutoto, kanyumba, na ukitaka kuumiza, kabwana. Kakamera ilizunguka mtaa mzima kabla sijafunga kazi siku ile. Wiki mbili baadaye mama mmoja aliyekuwa akiandaa harusi ya bintiye akamwambia Magloire usoni, "Papa, mariage ya mutoto yangu haiko ya kakamera," akaenda kumchukua Bertin, ambaye kamera yake ni kubwa kama redio na huwakata watu miguu.

Mtu mwenye akili angecheka, akaendelea na kazi. Magloire alikonda.

Basi ikaja harusi ya Stéphanie, mwalimu wa shule ya msingi, binti mtulivu asiyejali ukubwa wa kamera ya mtu. Alikuja kwa Magloire kwanza, kisha kwangu, na kwetu sote alisema jambo moja.

"Bingine fanyeni sawa vile munapenda. Lakini kambo yangu akiniwekea mukono ku kichwa, ile photo niko naitaka. Ile moja tu."

Kambo wake, yaani babu yake, aliitwa Papa Athanase, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda, aliyekuwa akiishi Mulungwishi na miguu isiyomsikia tena. Angeletwa kwa gari, ambariki mjukuu mlangoni pa kanisa, arudishwe kitandani. Picha yake nyumbani haikuwapo hata moja, isipokuwa ile ya kwenye kadi ya kazi, ya ujana, yenye muhuri juu ya uso. Stéphanie alilelewa na mzee huyo. Aliniomba nisimpake sana kwenye paji la uso, mkono wa kambo usije ukachafuka.

Magloire alisikia yote hayo, akatikisa kichwa, na alichokiwaza ni shingo yake.

Kabla ya harusi tulikwenda Lubumbashi pamoja, mimi kutafuta poda na kope za bandia, yeye kutafuta kile kishikio cha betri kinachofungwa chini ya kamera, ambacho alikiita poignée kwa sauti ya mtu anayetaja cheo. Muuzaji aliweka viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa kimetumika, kimechubuka pembeni, lakini kilitengenezwa kwa kamera ileile. Cha pili kilikuwa kipya, kipana, kizito, bila jina, na mstari mwekundu unaong'aa. Muuzaji alisema kinaingia kwenye kamera zote. Nguo ya kuwaenea watu wote haimkai mtu yeyote, mimi nashona, najua. Lakini nani aniulize?

Dukani kulikuwa na kioo cha kabati. Nakuapia, Magloire alikichagua kishikio kwa kujitazama. Alivaa cha kwanza, akageuka kushoto, akageuka kulia. Akavaa cha pili, akavuta tumbo ndani.

"Chukua cha kwanza," nikamwambia. "Kinakaa muzuri."

"Kiko kadogo, Mama Fortunée."

"Unatafuta betri ao unatafuta kimo?"

"Betri! Inaingia mbili. Courant ikikatika, minye sina problème."

Uongo mtupu. Kweli tuna bwawa letu la umeme la Koni pale kwenye mto Lufira na bado umeme leo upo, kesho haupo. Lakini Magloire hutembea na betri tatu mfukoni, na sijawahi kumwona akiishiwa. Akapiga picha mbili za dari, kamera ikiwa imelala, akaridhika. Hakuigeuza ikasimama wima hata mara moja, na ni kwa kusimamisha ndipo kitu kama kile hujaribiwa, kwa sababu hapo uzito wote unaning'inia kwenye skrubu moja.

Kuna jambo jingine. Ili kishikio kiingie, lazima ung'oe kile kimlango cha betri cha kamera yenyewe, na ukikivua kishikio bila kukirudisha kimlango, kamera haiwaki. Magloire alikitia kimlango katika kopo la pini, studioni. Hapo kikabaki.

Siku ya harusi alifika kanisani na kitu kama tofali kifuani. Watu walimpisha. Ma tantine, wale shangazi wa bibi harusi, wakanong'ona. Mama mmoja alisema, "Eh! Magloire, sasa iko kamera!" na yeye akatembea katikati ya viti vya kanisa taratibu, kumzidi padri. Nilimtazama nikaona aibu kwa niaba yake.

Papa Athanase alishushwa garini, akawekwa kwenye kiti mlangoni. Stéphanie akapiga magoti na shela lake. Mzee akainua mkono, akauweka juu ya kichwa cha mjukuu, akaanza kusema. Magloire alipiga goti, akaisimamisha kamera ili aupate mkono na uso wa mzee pamoja, akabonyeza.

Haikulia. Kishikio kilikuwa kimelegea, kamera imezimika. Akakaza skrubu. Ikawaka. Akaisimamisha, ikazimika tena. Akakivua kishikio chote, akashika ile kakamera yake tupu, tundu la betri wazi, akajipapasa mifuko. Betri tatu zilikuwamo. Kimlango kilikuwa Kikula, kwenye kopo.

Akamaliza kukirudisha kishikio mzee akiwa ameshashusha mkono.

"Kambo," akaomba, "weka mukono tena. Kidogo tu."

Papa Athanase aliurudisha mkono mapajani.

"Nilisha kumubariki," akasema. "Mubaraka iko ya mutoto. Ya machine minye sina."

Wakambeba, wakamtia garini. Stéphanie hakulia, maana angeharibu kazi yangu, lakini alinishika mkono hadi pete ikaniumiza.

Mzee alifariki miezi minne baadaye. Nilikwenda kwenye kilio. Picha ya kuweka mbele ya waombolezaji ilitafutwa kila mahali, na mbali na ile ya kadi yenye muhuri usoni ikapatikana moja tu, iliyopigwa kwa simu na Clovis, mjomba wa Stéphanie, siku ile mlangoni pa kanisa. Waliikuza, wakaitia fremu. Unaona shela. Unaona mkono wa mzee na nusu ya sikio lake. Pengine pote ni Magloire, mgongo, bega, na lile tofali lenye mstari mwekundu, mbele kabisa ya uso wa marehemu.

Magloire alikuwapo, anapanga viti bila kuombwa. Sikumwonea huruma siku hiyo, na mimi mwenyewe sikujionea.

Mama mmoja mgeni alipita, akainama mbele ya fremu, akafanya msalaba. "Pole, mwanangu. Marehemu ni huyu mwenye kamera mukubwa?"

Stéphanie aliifuta fremu vumbi kwa kitambaa chake.

"Hapana, mama," akasema, bila hasira. "Huyu ni kaphotographe tu."