Picha ya Mama Mdogo Kabla ya Malori

Mama mdogo alikuwa anarudishwa Burundi, na mama yangu alitaka picha yake. Ni hilo tu. Lakini nyumbani kwetu Keza, kijiji cha mpakani, hata jambo dogo halipiti bila kikao.

Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka akaolewa huku. Mdogo wake alivuka baadaye, wakati wa vita, akakaa kambini miaka mingi. Msimu wa maharage alikuja kutusaidia kuvuna, akatuchekesha mpaka tukasahau migongo. Sasa malori yalikuwa yanapakia watu, na zamu yake ilikuwa wiki ile.

Mimi nilitaka kamera ya dijitali. Mpangaji wetu, nesi wa kambini, alikuwa nayo na alikubali kutupiga picha. Mama mdogo mwenyewe alishazizoea. Wageni wa kambini walipiga, kisha wakageuza kamera watu wajione.

"Na ikizimwa?" mama akauliza.

"Picha inabaki humo ndani, mama. Ipo siku itatolewa mjini."

"Na mpangaji akihama?"

Hakungoja nijibu.

"Mimi nataka kitu cha kushika," akasema.

Basi akaitwa mpiga picha wa mkanda, yule wa harusi na komunyo. Niliudhika kwelikweli, maana nilimjua: hapeleki mkanda Mwanza kusafishwa mpaka uishe, na hauishi mpaka mtu aoe. Mama mdogo angeondoka bila kujiona.

Alitupanga mbele ya migomba, mikono chini, midomo imefungwa, kwa kuwa kwetu picha ya heshima haichekewi.

"Tulieni!" Akabonyeza. "Tulieni hivyo hivyo, napiga ya akiba!"

Mama mdogo hakutulia. Kwa mazoea ya kambini alishatoka mstarini, anamwendea mpiga picha, mkono mbele.

"Reka ndabe! Ngoja nijione!"

Kamera ikalia. Mpiga picha akamgeuzia mgongo mweusi wa kamera. "Hii haionyeshi kitu, mama." Tulicheka, na yeye mwenyewe alicheka kuliko sisi. Siku ya lori alimwambia mama amtunzie picha yake.

Picha zilikuja baada ya miezi kadhaa. Katika ile nzuri tumesimama sawasawa wote, ila mama mdogo amefumba macho. Ya akiba ilikuwa imeharibika: bega limekatwa, uso umefifia, mdomo wazi kwa kicheko, na sisi wengine tumefichwa nyuma yake. Mpiga picha aliomba radhi. Baba akasema ya kwanza ndiyo ya kutundika sebuleni, hata kama macho yamefumbwa, angalau ina adabu.

Mama aliishika ile iliyoharibika kwa mikono miwili, akalia. Hakuwa amelia tangu lori liondoke, na mimi nilikuwa nimeanza kudhani amezoea.

"Hiyo yenu amelala," akamwambia baba. "Tundika hii. Hapa anakuja."