Kiapo cha Dada

Majira yale ya baridi nilikuwa nimetoka tu chuoni na shahada ya historia, sina kazi, nalala kwenye kochi la dada yangu huko Greenbelt, Marekani. Mume wake alikuwa amekufa ghafla. Mwili ulikuwa unangoja kusafirishwa Kenya, na kila jioni watu wa kwetu walijaa sebuleni kuimba, kuomba na kunywa chai.

Tasnifu yangu ilimhusu mwanamke wa ukoo wa mabwana wa Uingereza, karne nyingi zilizopita, aliyefiwa na mume akiwa bado msichana. Kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa akiishi Herndon, aliniuliza mbele ya wageni, "Msomi wetu, huyo mama akifufuka atakuandika kazi?" Wakacheka. Swali hilo lilinisumbua siku mbili.

Huyo kaka ndiye aliyekuwa ameamua kwamba mtoto wa dada, mvulana wa miaka minne, atarudi na jeneza na kulelewa kwa babu yake. Shangazi zake walikuwa wameshampangia sanduku la nguo. Dada naye angefuata baadaye, arithiwe na mdogo wa marehemu, kama desturi yao inavyotaka.

Jikoni, akichuja chai, dada aliniuliza, "Yule mjane wako, walimfanyaje?"

Nikamweleza kwamba mfalme alikuwa na haki ya kumwoza kwa bwana yeyote. Basi akaenda kwa askofu, akaapa mbele ya watu kwamba hataolewa tena maisha yake yote. Akavishwa shela na pete, ishara ya kiapo chake. Hapo wakamwacha.

"Na mtoto?"

Nilitaka kumdanganya. Kisha nikawaza kwamba angeona usoni mwangu. "Walimchukua. Alikuwa mrithi. Akalelewa kwenye ngome ya mtu mwingine."

Dada alibeba sinia la chai akaenda sebuleni. Nikamfuata.

"Shemeji, keti," kaka yule akasema. "Wewe bado ni kijana. Kesho ukiolewa na mtu wa nje, damu yetu italelewa na nani?"

Dada hakuketi. Alimgeukia mchungaji aliyekuwa ameketi kati ya wageni. "Pasta, wewe ni shahidi. Sitaolewa. Si na ndugu yao, si na mtu wa nje, mpaka nife. Lakini mtoto habanduki hapa."

"Mama, maneno kama hayo mtu huyaombea kwanza," mchungaji akasema.

"Nimeshaomba."

Kaka yule aliweka kikombe chake mezani. "Siku ukivunja, tunakuja kumchukua."

"Mje."

Mchungaji akaomba, wote wakaitikia amina.

Wageni walipoondoka nilimkuta chumbani akirudisha nguo za mtoto kwenye kabati, soksi baada ya soksi. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na maneno mengi, yote yakiwa yamechelewa.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Nishikie hili sanduku."

Nikalishika.