Majina Yaliyobaki Ndani ya Diski

Kompyuta ile ilifika kwetu Nchelenge ikiwa imefungwa kwa blanketi mbili, juu ya lori lililokuja kuchukua samaki. Ndugu mudogo wa mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye biro moja, yaani ofisi, huko Copperbelt. Biro ilipata mashine mpya, ile ya zamani wakampa yeye, naye akatutumia na barua: "Shemeji alisomea kutaipu. Isikae bure."

Shemeji ndiye mimi. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. Nilisomea usekretere kwa masista Lubumbashi, halafu nikaolewa na Muzambia, karani wa halmashauri, nikahamia upande huu. Kwa miaka mingi vidole vyangu havikugusa mashine yoyote isipokuwa cherehani. Kwa hiyo siku tulipoifungua ile kompyuta juu ya meza ya chakula nilijisikia kama mutu aliyerudishiwa kitu chake.

Mwanzoni niliandikia watu barua na programu za harusi. Halafu, mwisho mwisho wa miaka ya tisini, vita ilipokolea ng'ambo, boti zilianza kuleta watu badala ya samaki. Walishuka ufukweni wamelowa, na kila mutu alikuwa anauliza jina. Umemuona bibi fulani? Umemuona mutoto wa fulani? Nyumba yetu ilikuwa karibu na pale boti zinapofungwa, na mimi nilikuwa naongea Kiswahili kama chao, kwa hiyo walikuja kwangu. Nilichukua daftari la watoto la shule nikaanza kuandika: mutu ni nani, ametoka kijiji gani, amekuja na nani, anaelekea wapi.

Daftari zilifika sita. Kutafuta jina moja ndani ya daftari sita kulikuwa kunamaliza asubuhi nzima, na mwenye kutafuta amesimama mbele yako anakuangalia mudomo. Ndipo nikahamishia yote kwenye kompyuta. Ilinichukua zaidi ya mwezi, lakini nilipomaliza ilikuwa maajabu: unaandika jina, unabonyeza, mustari unatokea. Mwanaume mumoja alitokewa na jina la kaka yake namna ile. Akapiga magoti chini kwenye sementi yangu, akashika miguu ya meza. Siku ile kichwa changu kilivimba, sifichi.

Daftari zenyewe zilikuwa zimenyeshewa, zinanuka ukungu. Asubuhi moja makaa yalikataa kushika, nikachana kurasa za daftari la kwanza kuwashia babula, jiko letu la makaa. Mume wangu alinikuta nikipepea.

"Mama, unachoma hizo, na watu bado hawajapatikana?"

"Ziko zote ndani ya mashine, baba."

Kabla ya wiki mbili kwisha, daftari zote sita zilikuwa majivu.

Kompyuta ilianza kuchelewa kidogo kidogo, mpaka siwezi kusema ilikuwa siku gani. Zamani niliwasha, nikaenda kuweka maji kwenye babula, nikirudi imekwisha kuamka. Sasa maji yalichemka, nikasonga ubwali, nikapakua, na kwenye kioo bado ni yale maandishi ya mwanzo. Kufungua listi ndiyo ilikuwa taabu zaidi. Nilijiambia ni kwa sababu listi imenenepa. Nikafuta michezo ya karata iliyokuja na mashine, nikafuta barua za harusi za watu waliokwisha kuzaa. Ikawa afadhali siku moja, halafu ikarudi palepale.

Nilimwita fundi wa redio wa Kashikishi. Alifungua sanduku, akapuliza vumbi, akatoa mende mukavu. Akachomoa ule waya mupana unaotoka kwenye diski, akaufuta, akaurudisha.

"Mama, mimi ni mutu wa redio," alisema. "Lakini hii diski, sikiliza. Redio yenye kulia hivi, mimi ninamuambia mwenyewe ajitayarishe."

Niliinamisha sikio. Ndani kulikuwa na mulio mudogo, kra, kra, halafu kimya, halafu kra, kama panya anayetafuna muhogo mukavu. Nilimuambia ni mashine ya zamani, ndivyo inavyoongea. Akainua mabega, akaenda.

Ni katika siku zile alipokuja yule mwanamuke. Alikuwa na umri wa wadogo zangu, amevaa kitenge kimoja chini na kingine juu ya kichwa, miguu imevimba. Alikuwa muuzaji wa samaki, mwenyeji wa kijiji kidogo karibu na Kilwa. Siku walipokimbia, ufukweni watu walisukumana, mutoto wake akapandishwa boti moja, yeye akabaki. Boti yake ilikuja siku kumi baadaye.

"Yaya," aliniita, kama mimi dada yake mukubwa, "banasema weye uko na majina ya batu bote. Minatafuta mutoto wangu mwanamuke. Iko na miaka munane. Ku mukono wa kushoto aliunguaka na mafuta, ngozi yake inajikunja."

Nilishtuka, kwa maana mukono ule niliuona. Mutoto yule alikuwa amekaa kwenye kiti changu mwenyewe, anakula muhogo, pamoja na muzee mumoja muvuvi aliyemutoa kwenye maji pale boti ilipopinduka karibu na ufuko. Muzee alisema atakaa naye mpaka ndugu waonekane. Aliniambia wanakwenda wapi. Niliandika kwenye mashine moja kwa moja. Na nilipokwisha kuandika, kichwa changu kiliachilia, kwa sababu kuandika si ndiyo kazi yake, kukuruhusu usahau?

"Alipita hapa," nilimuambia. "Ni muzima."

Hakulia. Alishika meza tu, akasema, "Aliendaka wapi?"

"Ngoja, iko ndani ya mashine."

Nikawasha. Tukangoja. Listi ilikataa kufunguka, kioo kikaganda, mulio wa kra kra ukaendelea. Nikazima, nikawasha tena. Muchana ulipita. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kila asubuhi kabla sijafagia uwanja. Alikuwa ananisaidia kumenya muhogo huku tunangoja, macho yake kwenye kioo. Mara moja listi ilifunguka, majina ya kwanza yakaonekana, yeye akasimama kwa haraka hata kisu kikaanguka. Nilipobonyeza kushuka chini, kila kitu kikasimama.

Kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kilichokuja na kompyuta. Nilikisoma kama Biblia. Kulikuwa na programu ya kukagua diski. Niliipitisha, ikaniambia kuna vipande vibovu, ikaweka alama. Sikuelewa uzito wake. Nilidhani ni kama madoa kwenye nguo: umekwisha kuyaona, utayafua. Halafu nikasoma sehemu nyingine: mashine ikichelewa, huenda ni kwa sababu maandishi yametawanyika vipande vipande ndani ya diski, na kuna programu ya kuyakusanya na kuyapanga upya. Nikaona nimepata dawa. Hicho ndicho kilichotupata sisi wote, kutawanyika. Na hapa kuna mashine inayoweza kukusanya.

Mume wangu aliuliza asubuhi ile kabla ya kwenda kazini, "Huwezi kutoa majina kwanza, uyaweke pengine?"

"Wapi? Printa hatuna. Acha kwanza iwe nyepesi, nitakopi yote kwa mukono."

Ilikuwa Jumamosi. Nilianzisha ile programu, kwenye kioo vikatokea vidirisha vidogo vidogo vya rangi, kimoja kinahama, kingine kinahama. Mama wa mutoto alikaa karibu nami juu ya mukeka.

"Inafanya nini?"

"Inapanga."

"Itamaliza lini?"

"Ikimaliza tutaona."

Tulikaa hivyo mpaka saa sita. Baadaye vidirisha vilianza kusimama muda mrefu pahali pamoja. Mulio ukabadilika, ukawa kama mutu anayegonga kucha kwenye bati. Nilijua. Lakini sikuthubutu kuizima katikati, maana kitabu kilisema usizime. Saa nane na kitu, malaiti yalizimika muji muzima. Yaliporudi nikabonyeza, na kwenye kioo cheusi kukatokea mustari mumoja mweupe, wa kusema hakuna diski.

Nilibonyeza tena. Nilibonyeza pengine mara ishirini. Yule mwanamuke hakujua kusoma Kiingereza, lakini alisoma uso wangu.

"Yaya. Imekufwa?"

"Imekufa."

"Na majina?"

Nje watu walikuwa wanaanua chisense, dagaa wetu wa ziwani, iliyokauka, wanacheka, na nilitamani kutoka niwapigie kelele wanyamaze.

Aligusa goti langu. Halafu alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza, "Kumbuka basi. Weye uliwaona. Kumbuka kidogo tu."

Nilifunga macho. Nilimuona muzee, kofia yake ya sufu, wavu wake begani. Nilimuona mutoto akilamba vidole. Mudomo wa muzee ulikuwa unasema neno, na neno halikuwa na sauti. Wiki ile watu wengi walikuwa wanaelekea kaskazini.

"Chienge," nilisema. "Nafikiri ni Chienge."

Aliamini. Kesho yake asubuhi alipanda gari kwenda Chienge, kule kaskazini.

Mimi nilichomoa diski, nikaifunga kwenye kitenge kama mutoto mugonjwa, nikaenda nayo Mansa kwa mutu mumoja aliyesifiwa kwa kutengeneza kompyuta za mabiro. Alikuwa kijana mwenye miwani, musafi, mwenye haraka. Aliiweka kwenye mashine yake, akasikiliza ile kucha juu ya bati, akaitoa.

"Ilikuwa inachelewa?" aliuliza.

"Karibu miezi mitatu."

"Ilikuwa inachelewa kwa sababu ilikuwa inakufa. Inasoma pahali pamoja mara kumi ndipo ishike neno. Ulifanya nini?"

Nilimuambia. Aliposikia nimepitisha programu ya kupanga alivua miwani.

"Mama, diski gonjwa huifanyishi kazi. Ile programu inabeba kila kitu, inakiweka pengine, inabeba tena. Ni kama kumulazimisha mutu wa moyo kuhamisha mawe." Kisha akauliza, "Hiyo listi ni majina tu? Maandishi matupu?"

"Maandishi tu."

"Ingeenea kwenye disketi moja. Na nafasi ingebaki."

Disketi nilikuwa nazo mbili nyumbani, ndani ya droo, bado na plastiki yake. Nilimushukuru, nikatoka, nikakaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya duka lake mpaka jua likanichoma kichwa. Sikuwa na sababu ya kuinuka.

Nyumbani nilinunua daftari nikajaribu kuandika nilichokumbuka. Zilitoka kurasa nne. Mengine yalikuwa majina bila vijiji, mengine vijiji bila watu. Niliandika "mwanaume mwenye kilema cha muguu, Pweto, na mbuzi." Jina lake? Watu waliendelea kuja, na niliwaambia ukweli, kwamba majina yamepotea. Baadhi walidhani ninataka kitu mukononi. Bibi mumoja alinifungulia kitambaa chake akanionyesha hakuna kitu ndani. Baada ya hapo nilianza kufunga mulango muchana.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu mwanamuke yule aende Chienge, muzee muvuvi alipobisha. Kofia ya sufu, wavu begani. Nilimutambua kabla hajasema, nikamushika mukono kwa nguvu hata akaogopa.

"Mutoto iko wapi?"

"Nilikuja kukuambia, mama, ukafute ku listi yako. Tulikuwa kule karibu na Kenani, kwa batu ba kuchoma makaa, sawa vile nilikuambia. Sasa mama yake mudogo alikuya, akamukamata, akaenda naye. Banarudia ku Congo. Banasema bunduki zilinyamaza. Leo ni siku ya ine tangu baende."

Kenani. Alipolisema, neno likarudi mahali pake kama halikuwahi kuondoka. Safari fupi kutoka hapa, na mimi nilimutuma mama yake mbali huko kaskazini mwa ziwa.

Mama wa mutoto alirudi kutoka Chienge siku sita baadaye. Nilikuwa nimepanga maneno, na yote yalinikimbia. Nilimuambia tu: alikuwa Kenani, si Chienge, mama yake mudogo amemuchukua, wamevuka. Nilimuambia pia kuhusu disketi, sijui kwa nini. Labda nilitaka anipige. Alikaa chini kwenye mavumbi ya uwanja, miguu imenyooka mbele, akayaangalia maji kwa muda mrefu.

"Mudogo wangu hana akili," alisema mwishoni. "Kule hakujanyamaza."

Nilimuomba abaki, asubiri habari. Alikataa. Asubuhi yake nilimusindikiza ufukweni. Ilikuwa boti ya mizigo, na mwenye boti hakutaka abiria kwenda upande ule; ilibidi nimubembeleze kwa Kibemba, na hata hapo nilikuwa ninasaidia kitu nisichokitaka. Alipokwisha kupanda alinigeukia.

"Aksanti, yaya."

Nilisimama na maji kwenye vifundo vya miguu mpaka boti haikuonekana.

Wiki mbili baadaye boti nyingi zilikuja kwa mara moja, watu wengi kuliko zamani, kutoka upande ule ule wa Kilwa. Niliwauliza wote. Musichana wa miaka munane, mukono wa kushoto umeungua. Mwanamuke, miguu inavimba. Nimeuliza mwaka ule, na mwaka uliofuata, na hata sasa nikisikia sauti ya kwao sokoni, ninauliza. Mutu mumoja tu aliwahi kuniambia kuwa alimuona mwanamuke wa namna hiyo, peke yake, katika njia ya kwenda Pweto, kule ng'ambo. Hakuwa na hakika.