Lugha Iliyosemwa Ina Roho Mbaya

Saa mbili asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la vioo, mwalimu wa kompyuta anawaomba wanafunzi wake ishirini na wawili waharibu programu walizoandika wenyewe. Wanatazamana. "Futeni nukta mkato moja, popote," anasema. Kompyuta zinagoma kwa mpigo mmoja, na darasa linaangua kicheko.

Kisha kila mmoja anausoma kwa sauti ujumbe wa kosa, mpaka wanagundua kwamba umewatajia mstari wenye hitilafu.

Mwaka jana hakuna aliyecheka humu. Mwalimu huyu, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alifundisha lugha hiihii ya programu kama alivyofundishwa yeye: wiki tatu za kanuni ubaoni, kibodi marufuku, na alama kukatwa kwa kila nukta mkato iliyosahaulika. Wanafunzi wakambandika jina la Mama Nukta. Walianza ishirini na wanne, wakamaliza saba.

Siku moja, akishuka ngazi, alimsikia muuguzi, mwanafunzi wake mwenye bidii kuliko wote, akimweleza mwenzake kwa nini anaacha. "Ile lugha ina roho mbaya," alisema. "Inakuvizia ukosee."

Maneno yale yalimchoma. "Mimi lugha hiyo naipenda," anasimulia. "Nikajua aliyekuwa akiwavizia ni mimi."

Mkuu wa kituo hiki cha mafunzo alikwishaamua lugha hiyo ibadilishwe na nyingine. Mwalimu alimsihi ampe muhula mmoja tu, akaahidi kuacha kazi yeye mwenyewe iwapo mambo yangeharibika tena.

Muhula huu vidole viligusa kibodi tangu siku ya kwanza. Mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, aliandika programu ya mistari sita inayouliza kimo na kiuno cha mteja, kisha kutaja mita za kitambaa. Kanuni zilifuata baadaye, kila moja ilipohitajika. Sasa ni wiki ya tisa, na aliyeondoka ni mmoja tu, aliyehamishwa kikazi. Fundi alipouliza mbona lugha yenyewe rahisi hivi, mwalimu alilazimika kugeukia dirishani afute machozi.

Mkuu ameiacha lugha ibaki. Mwalimu naye anawaandikia walimu wa vituo vingine kijitabu cha masomo kumi ya mwanzo, na amefika la saba.

"Nikimaliza, nitayajaribu kwanza kwa mama mkwe," anasema, macho yanang'aa. "Anafuga kuku mia mbili, na subira hana hata chembe. Akimaliza la kwanza akaniomba la pili, nachapisha."