Ndege wa mgongoni mwa Narok: jinsi josho lilivyonyamazisha mti wetu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi ni mzee, wengi humu ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Sitaongeza chumvi, yalinipata mwenyewe.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini siku hizi haoni wale ndege wanaodonoa kupe kwenye ng'ombe. Jina lao ni shashi. Swali lile lilininyima raha.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, upande wa Ngaramtoni. Wazazi wetu walishafariki. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule darasa la pili niwalee wadogo zangu, Naserian na kitinda mimba Lomayani, ambaye alikuwa bado ananyweshwa maziwa kwa kibuyu.

Mali yetu ilikuwa ng'ombe mmoja mweusi, Narok, na ndama wake.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mti wa mringaringa wenye shimo kwenye shina. Shashi wawili walikuwa wakinyofoa manyoya ya Narok na kuyapeleka mle shimoni kutandika kiota. Mama, alipokuwa hai, aliwaita wachungaji wasiokula ugali wetu. Kwetu ndege wa ng'ombe wako ni wa boma lako, hapigwi jiwe.

Basi serikali ikajenga josho, birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, kila mtu apeleke ng'ombe wake. Dawa ilikuwa arseniki, sumu kali.

Niseme haki: josho lilisaidia. Kupe walikufa na ndigana, homa ya ng'ombe wanayoieneza, ikapungua.

Lakini shashi walitua kwenye migongo iliyolowa, wakala kupe wenye sumu. Tukaanza kuwaokota chini wamekufa, pale kwenye zizi la josho ng'ombe wanaposubiri kukauka. Mwishowe nikawa nawaona wale wawili wetu tu.

Naserian akaniomba, "Kaka, Narok asiende josho mpaka watoto wa ndege waruke."

Nikakubali. Asubuhi na jioni tulitoa kupe kwa mkono, masikioni, chini ya mkia, tukawatupa motoni. Jirani yetu Loishiye akipita alikuwa ananicheka.

"Siku hizi umeajiriwa na ndege? Waambie wakupe na shuka."

Niliendelea na kazi.

Halafu ndama wa Loishiye akafa kwa ndigana. Alikuwa amekosa josho kwa sababu ya harusi. Siku ile Loishiye hakunicheka. Alikuja akasimama kwenye zizi letu, akamwangalia ndama wetu, akaondoka.

Wafugaji mnajua: ng'ombe wetu wa asili, ndama akifa, anabana maziwa. Na Lomayani hakuwa na chakula kingine.

Nikamwambia Naserian kwamba kesho nampeleka Narok na ndama joshoni. Hakubisha. Aliuliza tu kama nitamkausha Narok vizuri.

Nilimkausha. Wenzangu walirudi mapema, mimi nikabaki kwenye zizi la josho mpaka jua linazama, nikimsugua mgongo kwa majani makavu. Nilidhani maji yakiisha na sumu imeisha.

Kesho yake wale ndege walikuwa mgongoni kama kawaida, wakinyofoa manyoya.

Baada ya siku chache mti ukanyamaza. Nikapanda. Makinda walikuwa wamelala, wamekufa, juu ya manyoya meusi ya Narok. Wazazi wao sikuwaona tena.

Nikataka kuwatoa niwazike. Naserian akasema kutoka chini, "Waache hapo hapo, kaka. Ni kitanda chao."

Ndama alinusurika, Lomayani akakua. Lakini Naserian hakunywa tena maziwa ya Narok. Fungu lake alimimina kwenye kibuyu cha mdogo wake, mpaka siku aliyoolewa.

Nilichojifunza: kumkinga ng'ombe ni lazima, na ningempeleka tena. Ila siku hizi kuna dawa za kupe zisizoua ndege. Muulize mtaalamu wa mifugo kabla hujanunua. Masalia ya dawa usimwage mtoni. Na mti wenye shimo usiukate kwa sababu tu umezeeka, una wenyewe.

Sasa nawaachia uwanja. Mlioko Ngaramtoni, Sekei au popote kuzunguka Mlima Meru, kuna aliyemwona shashi kwenye ng'ombe wake mwaka huu? Mwenye picha aiweke hapa chini.

Naserian bado yupo, macho yamepungua nguvu. Nitamsogezea simu karibu.